Ukuta Uliokula Ugali

Ukimpa Fundi kikombe cha chai hanywi. Anakiinua juani kwanza, anafumba jicho moja, anakizungusha polepole, halafu anaguna, "Mmmh. Shemeji, hiki hakina ufa kweli?" Namwambia kina chai, kunywa. Anakizungusha tena. Mpaka anywe, chai imeshapoa na mwenye kikombe ameshakasirika.

Na si kikombe tu. Sahani, mtungi, kizingiti cha mlango, meno ya watu. Siku moja mshenga kamleta bwana harusi atazamwe na wazee. Kijana mzuri, mrefu, viatu vinang'aa. Wazee wakauliza kwao wapi, analima nini, anasali wapi. Fundi naye akaulizwa, na wewe una neno? Akaguna, "Mmmh. Bega la kushoto limeshuka." Kijana wa watu akaoa na bega lake hivyohivyo, lakini mpaka leo akipita sokoni namwangalia bega. Limeshuka kweli.

Alikuwa fundi mwashi pale Mbinga mjini. Jina analo, kwao Kitura wanalijua, mjini halikutumika. Waashi walikuwa wengi, huyu fundi fulani, yule fundi fulani, lakini ukisema Fundi, ukanyamaza, basi ni yeye. Alikuwa wa ukoo wa marehemu mume wangu, kwa hiyo mimi kwake shemeji, na shemeji mdomo wake hauna kufuli. Haya ninayomsema leo nilikuwa namsema mbele yake, na sauti yake naiiga mbele yake, anacheka mpaka anapaliwa na ugoro.

Mimi mwenyewe ni mtu wa ziwani, upande wa Liuli. Niliolewa nikapandishwa huku kwenye baridi, nikafiwa, nikabaki nauza usipa, vile visamaki vya ziwa letu, vinakuja kwa gunia kutoka chini, navipima kwa kopo. Darasa sikuingia hata kwa kufagia. Ila Mungu akinyima huku anatoa kule, akanipa masikio. Mtu akisema mbele yangu mara moja, sauti yake nimeshaiweka. Padri alinikuta siku moja nauza usipa kwa sauti ya mahubiri yake. Akanunua makopo mawili akaenda zake.

Sasa Fundi ukimwona unasema huyu ndiye mwenye mji. Kofia ya pama, shati limefungwa mpaka kooni, mfuko wa shati umetuna kwa timazi, lile pande la risasi la kupimia ukuta kama umesimama wima. Halimtoki. Kanisani watu wakisujudu, yeye anapima nguzo kwa jicho. Na majivuno! Ee, yule mtu alikuwa na majivuno kama jogoo wa mwalimu mkuu. Akipita kwenye nyumba iliyojengwa na mwenzake anavuta pumzi puani, anasema, "Mchanga mwingi. Saruji imenusishwa tu." Akipita kwenye nyumba aliyoijenga yeye, anavua kofia.

Mke wake alikuwa anakaa Kitura kwenye mibuni yao, anakuja mjini siku ya soko na kuku wa kuuza. Huyo mama alikuwa na dawa yake. Akimkasirikia mumewe hasemi naye. Anasema na kuku. Anamshika kuku miguu, kichwa chini, anamwambia, "Kuku, mwambie baba yako chumvi imekwisha." Fundi anamjibu kuku, "Mwambie mama yako nitaleta." Watu wanapita wanacheka, wao hawacheki.

Halafu ikaja ruksa. Nyinyi wa leo hamjui. Zamani kahawa yote unapeleka kwenye chama cha ushirika, unasubiri. Mara tukasikia ruksa, anayetaka kununua anunue, na anayetaka kuuza auze. Wakajaa watu wenye mizani yao na pikapu zao, mji ukachangamka, mabati mapya, kaseti zinalia kila fremu ya duka. Mmoja wa wanunuzi hao tulimwita Tajiri. Anaongea kama ana punje ya kahawa puani, na kila neno analimalizia, "Tumeelewana? Basi tumeelewana," hata kama hujafungua mdomo.

Tajiri akamwambia Fundi, nijengee ghorofa. Ghorofa! Wakati ule pale kwetu kitu kirefu ni mnara wa kanisa. Fundi alijenga ile nyumba kama mtu anayenyonyesha. Chini fremu za maduka, juu vyumba vya kupanga, na katikati ngazi, pana, zina ukingo wa kushika. Ilipokwisha watu walikuwa wanatoka Mbuji na Kingerikiti kuja kupanda ngazi tu. Hana anachofuata juu, anapanda, anachungulia, anashuka. Mama mmoja alipanda na kikapu chake, kufika juu akaogopa kushuka, akakaa chini akalia. Fundi akamshusha kwa mkono, daraja moja moja, kama bibi harusi.

Mke wake alikuja kuiona siku ya soko. Akaiangalia juu, akaiangalia chini. Kule Kitura mto uko bondeni, njia yake ni ya utelezi, na yeye wiki ileile alikuwa ameanguka na ndoo, kiwiko kimevimba. Akamgeuzia kuku uso. "Kuku, mwambie baba yako ngazi nzuri sana. Anawajengea watu ngazi za kwenda hewani, mimi nateleza kwenda mtoni."

Fundi akakipima kile kiwiko kwa jicho moja.

Mimi nikapata kibaraza cha chini, mlangoni kabisa kwa ngazi. Anayepanda ananipita, anayeshuka ananipita. Usipa ulitoka! Nilisema sasa nimefika, nitazeeka hapa.

Basi tetemeko. Asubuhi, watu tumeshapanga vitu. Kwanza mbwa walinyamaza, halafu likaja kwa chini, kama lori lisilo na taa linapita ndani ya ardhi. Usipa wangu ukawa unaruka kwenye ungo kama uko hai. Nikaona ukuta wa duka la mbele yangu unajikunja kama mkeka. Vumbi. Halafu kelele, kila mtu anaita mtoto wake kwa lugha ya mama yake. Chini ziwani, wakaja kutuambia baadaye, maji yalirudi nyuma yakaacha mitumbwi imekaa kwenye tope.

Ghala la zamani la kahawa liliangusha ukuta mmoja, ukamwangukia mlinzi. Mzee yule alikuwa rafiki wa Fundi wa ugoro. Kila jioni wanakaa kwenye kizingiti cha ghala, wanapeana kikopo, wanapiga chafya, hawaongei. Fundi ndiye aliyemfukua. Alipotoka pale alikuwa anaokota vipande vya tofali anavisagia mkononi, vinakuwa unga. Akanionyesha ule unga. Ndipo majivuno yakamrudia, tena na hasira juu yake. "Unaona, shemeji? Hii si nyumba. Huu ni uji. Mimi yangu ile pale, imesimama!"

Na kweli, ghorofa lilikuwa limesimama.

Akaja Injinia kutoka Songea na rangi nyekundu. Kijana, mpole, miwani. Anazunguka mji anachora X. Ghala, X. Darasa la mwisho pale shuleni, X. Maduka ya barabara ya juu, X, X, X. Akafika kwenye ghorofa. Akapanda, akakuta ufa ukutani penye ngazi, akakaa huko, akashuka, akachora X ukutani juu ya kichwa changu. Akanieleza kwa heshima, "Kitaalamu, mama, jengo hili limepoteza uwezo wake wa kubeba mzigo." Nikamwambia, "Hata mimi, baba, lakini mbona mimi hunichori?" Akacheka, masikini, akanunua usipa.

Fundi alipoiona ile X alifoka. "Mtoto wa juzi! Ufa ule ni wa lipu. Ngozi imechanika, mfupa mzima!" Injinia akarudi Songea, na X ikabaki peke yake, haina wa kuitetea. Tajiri akapiga chokaa juu yake.

Zile nyumba nyingine zilivunjwa, na aliyezivunja ni Fundi. Wengine walitaka kupiga nyundo waende nyumbani. Yeye hapana. Anafika asubuhi, anavua kofia, anabisha hodi. Nyumba haina mtu! Anabisha, anasubiri. Nikamuuliza, "Anakujibu nani?" Akasema, "Mmmh. Ukiona kimya, umeshajibiwa." Halafu anaanza juu. Bati kwanza, kenchi, madirisha, ndipo tofali la mstari wa juu kabisa, moja moja, anampa aliye chini. Alikuwa anasema, "Nyumba unaivua kama unavyomvua mzee mgonjwa. Kofia kwanza. Huanzi na viatu." Mwenye duka mmoja alikuja kusimama pale analia, mama mtu mzima. Fundi akashuka, akakaa naye kwenye kifusi, akamtolea kizingiti cha mlango wake kizima, akasema beba, utakianzia nyingine. Ghala alilivunja siku nyingi kuliko yote. Akimaliza kazi jioni anakaa pale penye kizingiti, anaweka ugoro kidogo chini, upande wa mwenzake.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa na huruma na nyumba mbovu za waashi wengine, na ya kwake hataki iguswe.

Sisi wapangaji tulikuwa tumetolewa. Mimi nauzia usipa kwenye jua, inzi ndio wateja. Tajiri akatutangazia pale barabarani. Hii hapa sauti yake: "Fundi aliyejenga yupo. Ufa ataziba. Jumamosi ya mwisho wa mwezi atapanda atazame, akisema nzima, wote mnarudi. Tumeelewana? Basi tumeelewana." Na Fundi akaziba ule ufa kwa mkono wake. Aliupiga lipu safi kabisa, huwezi kujua. Kwa hiyo neno lote likawa kwake. Akisema nzima, familia zitalala juu na mimi nitauza chini. Na sisi tulikuwa tunamwomba Mungu aseme nzima. Nani anataka jua?

Lakini siku ya soko mke wake alikuja na kuku wake. Hakumwambia kuku amwambie Fundi. Alimwambia kuku aniambie mimi. "Kuku, mwambie shemeji, baba yako akija nyumbani analala migombani kama nguruwe pori."

Eeh! Nikamfuata. Nikamkuta anachekecha mchanga.

"Fundi, ghorofa zima?"

"Zima."

"Nyumba yako ya Kitura nzima?"

"Nzima."

"Mbona unalala kwenye migomba?"

Akaangalia chekeche. "Joto."

Joto! Mbinga! Mwezi ule wa baridi ambao sisi watu wa ziwani meno yanacheza ngoma bila mpigaji! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Na mtu anayecheka hata nikimwiga chafya asipocheka, najua kuna jambo.

Kesho yake asubuhi akaja kwangu na bakuli. "Shemeji, una ugali wa jana?"

"Una njaa mpaka ya kiporo?"

"Si wa kula."

Nikampa. Nikamfuata nyuma, maana mdomo hauna kufuli na macho pia. Akaingia kwenye ghorofa, akapanda ngazi mpaka pale alipopiga lipu, akabandika bonge la ugali kwenye ukuta, akalisawazisha kwa mwiko, bapa, zuri, kama anaulisha. Nikamuuliza kama amepagawa. Akaninong'oneza, "Vitetemeko vidogo bado vinapita. Kama ufa umelala, ugali utakaa. Kama ufa unatembea, ugali utasema."

"Weka saruji basi."

"Saruji iko stoo kwa Tajiri. Nikiomba ataniuliza ya nini."

Nikamwambia ugali ukikauka unapasuka wenyewe, hata mtoto anayeosha sufuria anajua. Akafikiri. Akaenda ukuta wa pili, mzima, usio na ufa, akabandika bonge lingine sawa na lile. "Basi wawili washindane."

Wiki nzima alikuwa anapita kwangu asubuhi, anapanda, anashuka. Mimi namwuliza, "Ameshiba?" Anasema, "Anakula polepole." Watu wanadhani tumechanganyikiwa wote wawili. Siku nne za mwanzo wote wawili wamekauka tu. Halafu kikapita kitetemeko kidogo, hata hakikuamsha mtoto mgongoni. Fundi akapanda. Hakushuka. Nikangoja, nikapanda mwenyewe, magoti yanalia.

Yule wa ukuta mzima alikuwa amekauka, ana vinyufa vya ngozi ya kobe, hana jambo. Yule wa lipu alikuwa amekatika katikati, wima, kama umemkata kwa uzi. Fundi amekaa kwenye daraja lake, kofia magotini. Timazi amelitoa mfukoni, anaukunjua uzi wake na kuukunja.

"Shemeji," akasema, "unatembea."

Nikajua anachosema. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Nikafikiria kibaraza changu, nikafikiria jua. Nikamwambia, "Utasemaje Jumamosi?"

"Mmmh," akasema. Na hiyo ndiyo mara moja tu sauti yake ilinishinda kuiiga.

Jumamosi watu wamejaa. Magodoro yamepangwa barabarani, sufuria, watoto, mimi na magunia yangu. Tajiri amevaa koti. Fundi akapanda mbele ya watu wote, kofia mkononi. Nikasikia anabisha hodi. Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, maana hodi ile naijua.

Halafu nyundo. Ko! Ko! Lipu yake mwenyewe, ile safi, ikaanza kuanguka kwenye ngazi vipande vipande. Tajiri akapiga kelele, "Fundi! Fundi, tulielewana!"

Fundi akatokea juu, mweupe wa vumbi, mkono mmoja ameuingiza ukutani mpaka kiwiko. "Hatukuelewana, Tajiri. Njoo utie na wako. Ufa huu hapa, nilijenga mimi, nikauficha mimi. Mtu asilale humu."

Watu walimtukana! Mnafiki, mlevi, umenunuliwa na nani, siku zote si ungesema. Mwanamke mmoja alimtupia kopo. Mimi? Mimi nilisimama nikapiga kelele kuliko wote, nikasema, "Kama mkono unaingia mpaka kiwiko, gunia langu haliingii!" Nikabeba gunia langu nikavuka barabara. Wakaanza kunifuata, mmoja mmoja. Tajiri alipanda akatazama. Aliposhuka hakumwuliza mtu kama tumeelewana.

Sasa kulivunja. Kuna kitu wenyeji wa milimani wanaita ngokela. Ukiwa na shamba kubwa unapika pombe ya komoni, unaita watu, wanakuja na majembe, wanalima wote kwa wimbo, jioni wanakunywa. Ndugu zake Fundi wa Kitura waliposikia amevunjika moyo, wakasema tutamfanyia ngokela. Asubuhi moja Fundi yuko juu anatoa mabati, tukaona kundi linashuka barabarani na majembe na sururu, wanaimba, kina mama nyuma na mitungi. Nililia kwa furaha, nakwambia. Mapenzi yale!

Lakini mkulima wa mlimani analimaje? Anasimama chini ya mteremko, anatazama mlima, anaanza chini anapanda. Ndivyo babu alivyofundisha, ndivyo wanavyotengeneza yale mashimo yao ya ngolo, mlima mzima unakuwa kama sega la nyuki. Basi wakajipanga mstari mmoja mbele ya ghorofa, majembe juu, wimbo umekolea, wakaanza chini. Kwenye msingi! Wanalima ghorofa!

Fundi juu anarusha mikono. Wao wanaona anashangilia, wanaongeza mwendo. Mimi ndiye niliyeona ukuta umetoa vumbi kwenye maungio. Nikavuta pumzi, nikatoa sauti ya mwenyekiti wao wa kijiji, ileile ya kikohozi na ukali, "ACHA KAZI! RUDI NYUMA WOTE!" Kwa mazoea tu, wakatii. Wakarudi. Ukuta ukakaa kidogo, kama mtu anayetafuta pa kukaa, halafu ukaenda. Fundi akaja nao. Mungu ni mkubwa, pale chini palikuwa na lundo la mchanga. Hakufa mtu. Ila boriti ya dirisha ilimlalia mguu.

Tulipomfukua, uso mweupe pe, ndugu zake wamemzunguka na majembe wanalia. Akafungua jicho moja, akawatazama, akasema, "Nyumba hailimwi, jamani."

Hospitali ya misheni wakamfunga mguu plasta kutoka kidole mpaka paja. Nilipeleka mchuzi wa mbasa, samaki wa ziwani kwetu. Nikamkuta anaichunguza ile plasta kwa kucha. "Mmmh. Shemeji, aliyepiga hii si mwashi. Imekaa kombo." Na kombo ndivyo mguu ulivyounga. Hakupanda jukwaa la uashi tena. Mjini wakasema amejiponza, wengine wakasema amewaponya, kila mtu kwa alipokuwa ameweka godoro lake. Mimi nikapata meza sokoni. Fundi akarudi Kitura, akachukua tofali za ghorofa, zile zilizobaki nzima, maana Tajiri hakutaka hata kuziona. Ndugu zake walizibeba kwa zamu, kwa aibu ya yale majembe. Tulidhani anajenga nyumba.

Ilipita miaka. Magoti yangu yalishakuwa mabaya nilipopanda Kitura kwenye arobaini ya ndugu wa marehemu mume wangu. Nikaambiwa Fundi yupo, nikaenda.

Amekaa kibarazani, kofia ileile, mguu umenyooshwa kama nguzo iliyolazwa. Nyumba yake ileile ndogo. "Karibu, shemeji wa usipa!" Nikapewa chai. Nikainua kikombe juani, nikafumba jicho. Nikaguna kama yeye. Alicheka mpaka machozi.

Nikamuuliza, "Ghorofa umelipeleka wapi?"

Akaonyesha bondeni kwa kidevu. "Panda ukalione."

"Kule ni kushuka."

"Sasa ukitoka huko utakuwa unafanya nini?"

Mke wake akachukua ndoo, nikamfuata. Nikafika ukingoni nikasimama. Kutoka juu pale mpaka kwenye maji, ile njia ya utelezi yote ilikuwa ngazi. Tofali nyekundu, pana, zina ukingo wa kushika. Alizijenga, mama akaniambia, akiwa amekaa, anajisogeza kwa makalio, akianzia chini kwenye mto anapanda, mvua na jua, na wanawake wanampa tofali. Nilishuka na magoti yangu haya, sikuteleza. Watoto wanapita mbio. Mwanamke mjamzito anapanda na ndoo kichwani, mkono mmoja kwenye ukingo.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na mgomba, nikaona. Daraja moja, kona ya kulia, mstari mwembamba kama unywele. Nikasimama. Mama naye akasimama.

"Umeona," akasema. Hakuwa na kuku, alisema na mimi. "Uko hapo tangu masika. Nimenyamaza. Watu wote wamenyamaza. Yeye hafiki huku tena, shemeji, ule mguu, akishuka atavunja na wa pili. Kila jioni anauliza, nasema hakuna. Mwambie hakuna."

Nikamwangalia, kiwiko chake kile, na mvi zake. Nikapanda.

Fundi alikuwa anangoja, shingo ameinyoosha. Hakuuliza kama nimechoka. "Mmmh? Shemeji? Kuna ufa?"

Mama alikuwa nyuma yangu, namsikia anavyoweka ndoo chini. Mimi ninazo sauti za watu wote wa Mbinga. Ningeweza kumjibu kwa sauti ya Tajiri, ningeweza kwa sauti ya Padri, tukacheka, jua likazama. Nikamjibu kwa ya kwangu.

"Upo. Daraja la penye mgomba. Kulia."

Mungu wangu, yule mzee! Macho yakamwaka kama ameambiwa ana mtoto mchanga. Fimbo hii hapa, mwiko alikuwa ameukalia, timazi liko mfukoni. Mke wake akamkamata kuku aliyekuwa anapita zake, akampigia kelele usoni, "Kuku, mwambie shemeji ameniulia mume!" Fundi hasikii. Amefika ukingoni, amekaa chini, anashuka kwa makalio, daraja moja moja, kuanzia juu, kila moja analigonga kwa kifundo cha kidole, anasubiri, anasonga. Mama akamtupa kuku, akamfuata, akamshika shati kwa nyuma.

Tukamwona amefika kwenye mgomba. Akainama. Akapitisha kidole.

Halafu sauti ikapanda kutoka bondeni, ya majivuno yaleyale, nadhani hata ng'ambo ya pili walisikia.

"Shemeji! Chungulia jikoni! Ugali wa jana umebaki?"